Maganda ya Risasi za Babu

2 Machi

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mimi nimeanza kuandika. Mwaka jana nilibishana na mume wangu Kaleb siku nzima kuhusu tarehe tuliyopandikiza mpunga, na kwa jinsi tulivyo sisi Wapare, ubishi ulikaribia kufika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Watu hutucheka kwamba Mpare huuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Basi mwaka huu nitaweka tarehe zangu kwa maandishi, Kaleb asiniletee maneno.

Kitalu kimeota vizuri. Majaruba yetu yako mwisho kabisa wa mfereji, upande wa chini wa Ndungu. Ukishayapita hayo kuna boma moja la wafugaji, halafu vichaka tu mpaka hifadhini. Huko ndiko tembo wanakotokea, na katika jaruba letu la mwisho ndipo alipofia shemeji yangu Rodgers mwezi wa sita mwaka jana, siku moja kabla ya kuvuna. Alikuwa na tochi na debe la kugonga. Tembo mwenyewe tunamjua, dume lenye pembe moja iliyovunjika. Kaleb ndiye aliyemwokota mdogo wake.

Tangu siku hiyo hajalitaja jina la Rodgers ndani ya nyumba hii. Ila jana nilimkuta ameteremsha bunduki ya babu yake kutoka darini, anaipaka mafuta. Ni bunduki ya Kijerumani, babu aliitumia alipokuwa askari wa wanyamapori, na kibali chake tunakihuisha kila mara. Lakini haijalia tangu Kaleb akiwa mtoto, kwa sababu risasi zake zilikwisha.

6 Machi

Tumepandikiza jaruba la kwanza. Mgongo hauna mwenyewe.

11 Machi

Kaleb amerudi kutoka Moshi. Alikwenda kwenye duka la silaha, mwenye duka akatazama kipimo cha mtutu, akamwambia, "Mzee, risasi hizi hazitengenezwi tena popote. Mimi mwenyewe nimeziona kwenye picha tu."

Mtu mwingine angerudi nyumbani akala makande. Kaleb akashukia Same, akaenda kwa Methusela, yule fundi wa vyuma nyuma ya stendi. Methusela akamweleza kwamba shida si ile ncha inayoruka, shida ni ganda. Ganda ni kile kikombe cha shaba ya njano kinachobeba baruti, wauza chuma chakavu wanaiita brasi. Bunduki ikilia, ganda linatanuka na kuziba, moto wote unakwenda mbele. Likiwa bovu, moto unarudi usoni kwa aliyeshika. Kaleb akamwomba amchongee kwa koki za zamani za maji. Methusela akakataa katakata, akasema brasi ya koki si brasi ya risasi, tena hilo ni jambo la jela bila kibali.

"Basi ningepata maganda yenyewe ya zamani?" Kaleb akamuuliza.

"Ukiyapata, njoo tuzungumze," akasema fundi. "Lakini usije nayo mchana."

Haya yote Kaleb alinisimulia kwa furaha, kama mtu aliyepata habari njema. Mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba moto unarudi usoni.

12 Machi

Nimemwambia, "Baba Irine, achana nayo. Tuna kamba za pilipili, tuna madebe, tuna namba ya simu ya askari wa hifadhi." Akajibu kwamba Rodgers naye alikuwa na debe. Ni mara ya kwanza amelitaja jina lake.

19 Machi

Mvua kubwa. Mfereji umebomoka mahali pawili, tumeshinda na majembe.

24 Machi

Leo nimeingia mahali nilipoapa kutoingia.

Kaleb alikumbuka jana usiku kwamba babu yake hakuwa akitupa maganda. Alikuwa akiwapa akina mama wa kifugaji, nao wakiyatia kizibo cha ngozi na kuwekea ugoro. Boma pekee lililobaki karibu ni lile la Naanyu, ng'ambo ya mfereji. Na mimi na Naanyu hatujasalimiana tangu ndama wake walipokula kitalu changu, nikaenda kwake na fimbo. Si ndama niliotaka kuwapiga.

Kaleb hakutaka kwenda peke yake. Tulimkuta anakamua.

"Takwenya," Kaleb akasalimia.

"Iko," akajibu, kisha akanigeukia. "Mama Irine. Leo umekuja bila fimbo."

Nikasema fimbo imeliwa na mchwa. Hakucheka, ila alitupatia vigoda tukae.

Kaleb akaeleza. Naanyu alisikiliza bila kuacha kukamua, halafu akaingia ndani akatoka na mkufu wa ngozi wenye maganda saba, yote na vizibo vyake. Yalikuwa ya mama yake. Alisema babu yake Kaleb alimuua simba aliyekuwa akimaliza ng'ombe wao, akampa mama maganda yake, na mama aliyavaa mpaka alipokufa.

"Unataka risasi ya kutisha au ya kuua?" akauliza.

"Ya kutisha," akasema Kaleb.

Naanyu hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Mimi nikatazama ndama.

"Mkivuna," akasema, "mabua ni ya ng'ombe wangu. Na safari hii bila kelele."

Kaleb akakubali kabla sijafungua mdomo. Mabua ya majaruba yote, kwa ng'ombe walewale waliokula kitalu changu.

Naanyu akamwaga ugoro kutoka ganda moja moja, akayasugua kwa majivu na mkojo wa ng'ombe kama wanavyosafisha vibuyu vya maziwa, huku akinong'ona maneno ya Kimaasai. Akayasuuza kwa maji, akayaanika juu ya ngozi. Yaling'aa. Sita akampa Kaleb, la saba akalirudisha kwenye mkufu, akauvaa shingoni.

"Hili sitoi. Hili ni la mama hasa."

Njiani nikamwambia Kaleb sikuupenda ule mnong'ono. Akasema ni dua. Dua ya nani, kwa nani, hakujua.

30 Machi

Nimenunua mdomo mpya wa bomba la kupulizia dawa. Ule wa zamani wa brasi ulipasuka wenyewe ukiwa umening'inia stoo, kwa sababu Kaleb alipulizia maji ya urea mwaka jana akauacha bila kuusuuza. Nilimsema mwaka jana, na leo nimemsema tena maana hela imetoka mfukoni mwangu.

6 Aprili

Kaleb alikwenda Same na maganda, amerudi nayo. Methusela ameyabana mpaka yakarudi umbo lake. Amesema ni safi, wazee walijua kutengeneza vitu. Mambo mengine waliyoyafanya yeye na Kaleb sikuuliza. Nalala na mtu ambaye sitaki kujua anachokifanya, jambo geni katika ndoa yetu.

13 Aprili

Mwenyekiti wetu Abubakari amepita na baiskeli akitangaza kwamba polisi watakuja kuhakiki silaha zote zenye vibali. Bunduki haina shida. Shida ni yale maganda, maana yeyote atakayeyaona yamebanwa upya atauliza nani kayabana.

Kaleb aliyazungusha nyumba nzima akitafuta pa kuyaficha. Mwishowe akayafunga kwenye kitambaa, akayafukia katikati ya gunia la urea lililofunguliwa. "Polisi gani ataingiza mkono kwenye mbolea?" akasema. Nilicheka, nikamsifu kwamba akili zake zikiamua zinafanya kazi.

17 Aprili

Polisi wamekuja, wameiona bunduki, wameandika, wamekunywa chai, wameondoka. Kaleb amesema maganda yakae hukohuko, ndipo salama.

28 Aprili

Mvua haikatiki. Bati la stoo linavuja upande wa mbolea na gunia limelowa, urea imeshikana mabonge. Ukifungua mlango harufu inakupiga machoni mpaka machozi yanatoka. Tumekuzia mpunga wa majaruba yote kwa ile iliyobaki kavu.

10 Mei

Mpunga umetoa masuke. Ni mzuri kuliko mwaka jana, na hilo ndilo linalonitia hofu. Tembo hawafuati mpunga mbaya.

14 Mei

Wamekuja. Hawakuingia, walisimama ng'ambo ya vichaka jioni nzima, tukawasikia wakivunja matawi. Tuligonga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Tulipiga simu hifadhini, wakasema gari lao limekwama kwenye korongo lililojaa maji, watakuja likipungua.

Boma la Naanyu liliwasha moto na mbwa wao walibweka bila kukoma. Asubuhi tembo walikuwa wamekwenda. Kaleb aliona nyayo, akapima moja kwa kiganja chake, akasema ni yeye. Sikuuliza ni yeye nani.

16 Mei

Kaleb ametoa maganda kwenye mbolea. Amejifungia stoo mchana kutwa, anayatia baruti aliyokuja nayo kutoka Same.

Tumegombana. Nilimwambia mkamia maji hayanywi, na kwamba bunduki ya kutisha haihitaji mtu aipake mafuta kila siku huku akiitazama picha ya marehemu. Akaniambia mimi sikumwokota Rodgers. Ni kweli, sikumwokota. Nilipika tu chakula cha msiba, kisha nikaona mume wangu anaondoka kidogo kidogo tangu siku ile hadi leo.

20 Mei



Leo asubuhi Kaleb alisema atajaribu moja, hewani, aone kama inalia. Mimi nilisimama mlangoni. Ililia. Mlio wake ulirudi kutoka milimani, na Kaleb alikuwa amekaa chini, mikono usoni. Nilikimbia nikiwa nimeshajiambia kwamba hana macho tena.

Macho yapo, Mungu ni mwema. Shavu la kulia limeungua kuanzia kwenye sikio mpaka karibu na pua, na nyusi zimekwisha. Nilimwagia maji, nikampaka asali. Nikamsihi twende hospitali ya Gonja, binti yetu Irine ni muuguzi huko. Alikataa, maana Irine angeuliza.

Kisha akalitoa ganda. Lilikuwa limepasuka kwa urefu, kutoka mdomoni hadi kitakoni. Tulilitazama wote wawili. Na hapo mimi, Rogathe, nikasema maneno haya, nayaandika kama nilivyoyasema: "Ni yule mwanamke. Aliyaosha kwa mikojo huku akinong'ona. Aliyanuia."

Kaleb alilifumbata ganda. Niliona neno langu likimwingia.

21 Mei

Kaleb amemwambia Abubakari. Abubakari amewaambia vijana. Kufika mchana, kijiji kizima kinajua kwamba Naanyu alitaka kumpofua mume wangu kwa sababu ya ugomvi wa kitalu. Kisimani wanawake walinipa pole. Nilizipokea.

23 Mei

Vijana wamekwenda bomani na fimbo na mapanga. Abubakari alikwenda nao ili, kama alivyosema, mambo yaende kwa utaratibu. Utaratibu wenyewe ulikuwa kumpa Naanyu mpaka jioni aondoke.

Nilisimama juu ya tuta letu kutazama. Watu wa boma walibeba vibuyu na ngozi juu ya punda, wakatanguliza ndama. Naanyu alipita karibu nami kabisa kwa sababu njia ni hiyo moja. Hakunitukana, alisimama tu.

"Mama Irine," akasema, "mume wako anaona?"

"Anaona."

"Asante Mungu," akasema, akaendelea na safari. Lile ganda la mama yake lilikuwa shingoni, njano tupu, linang'aa.

Wamekwenda upande wa Kihurio.

24 Mei

Kwa nini aliuliza kama anaona? Mtu aliyenuia angeuliza hivyo? Au ndiyo angeuliza?

25 Mei

Kimya. Hakuna mbwa, hakuna moto ng'ambo ya mfereji. Sikujua kama nilikuwa nimezoea kuwasikia.

26 Mei

Naandika asubuhi ya tarehe ishirini na saba lakini mambo ni ya jana.

Jana jua lilitoka. Nikaona niitoe urea iliyolowa niianike kabla haijaharibika yote. Kaleb alikuwa amekwenda shamba tangu mchana, amekaa kwenye dungu letu la kulindia ndege, na bunduki ameichukua. Nilimuuliza anakwenda nayo ya nini wakati ameona ilichomfanya. Akasema lile lililopasuka ndilo lililobeba nia mbaya, na sasa mwenye nia ameondoka, haya mengine manne hayana neno. Nilimsikia akisema manne. Sikuhesabu.

Nilimwaga gunia juu ya turubai. Ndani ya bonge moja kulikuwa na ganda la sita, lililoponyoka kwenye kitambaa, na aliyelisahau ni Kaleb mwenyewe. Lilikuwa na rangi ya kijani iliyochanganyika na buluu, na limepasuka kwa urefu, kutoka mdomoni hadi karibu na kitako. Hakuna aliyelipiga. Halijatiwa baruti. Lilipasuka lenyewe, limelala ndani ya mbolea.

Nilikaa chini kwenye turubai. Nikaukumbuka mdomo wa bomba uliopasuka wenyewe stoo kwa sababu ya urea. Nilimsema Kaleb kwa ajili yake mwaka jana na mwaka huu, tena kwa sauti. Nikalikumbuka ganda la saba shingoni kwa Naanyu, lililosuguliwa siku ileile, kwa mkojo uleule, kwa mnong'ono uleule. Zima. Kilichokuwa tofauti kati ya lile lake na haya yetu ni gunia letu.

Halafu nikakumbuka yale manne yaliyo mfukoni kwa Kaleb. Nilikimbia. Nina umri wa kuwa bibi na nilikimbia juu ya matuta yenye utelezi, nimeshika lile ganda, nimepoteza kandambili zote mbili. Nilianguka mara moja ndani ya mpunga nikainuka.

Jua lilikuwa limeinama. Nilipofika jaruba la mwisho niliona Kaleb amepiga goti juu ya dungu, bunduki begani. Nikatazama anakotazama. Walikuwa wanapita palepale lilipokuwa boma, juu ya majivu ya jiko la Naanyu, mmoja nyuma ya mwingine bila haraka. Wa mbele alikuwa na pembe moja iliyovunjika.

Sikuweza kupiga kelele, wangenigeukia. Nilipanda ngazi ya dungu kwa magoti. Kaleb alinisikia lakini hakuondoa jicho.

"Shuka, Mama Irine."

"Usipige."

"Nimesema shuka."

"Lipapase hili kwanza," nikamwambia. "Kwa kucha. Halafu upige ukitaka."

Nililiweka ganda juu ya mkono wake wa kushoto. Alilitazama kwa upande, akaona ufa, akaona na rangi. "Umelitoa wapi?"

"Kwenye mbolea. Hukulitoa. Ni urea, Kaleb. Ni kama ule mdomo wa bomba. Hakuna mtu aliyenuia."

Tembo walikuwa wameingia. Mpunga ukivutwa na mkonga unatoa sauti ya nguo inayochanwa. Kaleb alifungua bunduki polepole, akatoa iliyokuwa ndani, akapitisha ukucha wa kidole gumba. Niliona ukucha ukikwama. Akatoa ya pili mfukoni, ukucha ukakwama. Ya tatu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, lakini ulikuwepo. Ya nne hakuipapasa. Aliiweka na zile nyingine juu ya mbao, akaziba uso kwa mikono miwili, lile shavu lenye kidonda na lile zima.

Dume lilikuja mpaka chini ya dungu. Nilimwona jicho, dogo, lenye matongo, lenye kope ndefu. Huyu ndiye aliyemuua Rodgers. Nilimshika mume wangu kiunoni kwa nguvu zangu zote, maana bado alikuwa na bunduki miguuni, na mtu mwenye uchungu haogopi ufa. Nilimsikia akinong'ona, "Alikuwa na debe tu. Debe tu." Alilia vile ambavyo hakulia msibani. Na chini yetu walikula jasho letu la msimu mzima, jaruba baada ya jaruba, sisi tumekaa tunawatazama. Hatukugonga hata debe.

Walipoondoka tulikuwa tumebakiwa na majaruba mawili ya juu. Kaleb akaniuliza, "Sasa Naanyu?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mimi nimejikwaa ulimi na mtu mwingine ndiye aliyebeba mizigo juu ya punda.

28 Mei

Tumekwenda kwa Abubakari, mimi na Kaleb, na maganda yote juu ya meza yake. Nilieleza mwenyewe. Mwenyekiti akasema jambo limeshapita, tusilifukue, vijana watajisikia vibaya. Nikamwambia mimi ni Mpare, nitalipeleka mpaka tarafani na nitauza hata ng'ombe nisiye naye. Akakuna kichwa. Jioni akaita mkutano, nami nimesimama mbele ya watu nikasema maneno yaliyotoka kinywani mwangu tarehe ishirini ya mwezi huu ni ya uongo. Wale wanawake wa kisimani walitazama miguu yao.

3 Juni

Kaleb ameipeleka bunduki polisi Same, ameikabidhi pamoja na kibali chake. Yale maganda yaliyopasuka aliyatia kwenye kitambaa akabaki nayo. Methusela alipoyaona aliyatoa baruti, akaomba msamaha kwa kuyagusa.

9 Juni

Nimemkuta Naanyu ng'ambo ya Kihurio, chini ya kibanda cha matawi kisicho na hata udongo. Nilikwenda peke yangu. Nilimsimulia yote, nikamwonyesha maganda.

Aliyapokea moja moja. Alipitisha kidole kwenye kila ufa kama anayepapasa kidonda cha ndama.

"Mama aliweka ugoro humu maisha yake yote," akasema. "Ninyi mliweka nini?"

"Mbolea."

Akatikisa kichwa. Nilingoja anifukuze, na angekuwa na haki. Badala yake akauliza, "Mnong'ono wangu ulidhani ni nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nilidhani ananuia mabaya.

"Nilikuwa namwambia mama kwamba maganda yake yanakwenda kumlinda mjukuu wa yule aliyemlinda yeye." Akayafunga kwenye kitambaa. "Mabua yapo?"

"Mpunga haupo," nikasema. "Mabua yapo tele."

Hakusema atakuja. Hakusema hatakuja.

15 Juni

Tumevuna majaruba mawili. Ni chakula tu, hakuna cha kuuza.

21 Juni

Alfajiri nimesikia mbwa ng'ambo ya mfereji.

Nilipotoka, Kaleb alikuwa ameshatangulia, anakata tuta kwa jembe ili ng'ombe wapite bila kuvunjika miguu. Walipita mbele yetu wote, na ndama nyuma, wakaingia kwenye kile kilichokuwa mpunga wetu. Vijana wawili kati ya wale wa siku ile walikuwa wanasimika miti ya boma, bila kuambiwa na mtu.

Naanyu alikuja wa mwisho. Alisimama mbele ya Kaleb, akalitazama shavu lake, kovu lote. Kisha akalivua lile ganda la saba shingoni, akalifungua kizibo, akaumwaga ugoro uliokuwemo mpaka likawa tupu, akamwekea kiganjani.

"Hili ni zima," akasema. "Babu yako alimpa mama. Wewe ndiye unayejua unalitaka la nini."

Niliogopa, maana nilimjua mume wangu, na bunduki iko Same tu, kibali hurudishwa kwa mwenye kukiomba. Kaleb aliligeuza ganda kwenye mwanga. Alipitisha ukucha wake, na ukucha ukateleza bila kukwama popote. Ng'ombe walikuwa wanatafuna mahali alipoangukia Rodgers.

Akaingia ndani ya nyumba. Nilisikia akifungua kabati. Akatoka na karatasi ya ugoro, ule alionunua Ndungu gulioni, na mimi nilidhani amenunua kwa ajili ya mjomba wake. Akachuchumaa, akaujaza ndani ya ganda kidogo kidogo kwa ncha ya kidole mpaka ukafika mdomoni, akalifunga kizibo, akamrudishia Naanyu kwa mikono miwili.

Naanyu akalifungua, akanusa, akamwekea na Kaleb kidogo juu ya ukucha. Kaleb, ambaye hajawahi kuvuta ugoro maishani mwake, alipiga chafya mpaka akaketi juu ya tuta.